Ngozi ya Uso Ikianza Kulegea: Zungumzeni Kabla ya Kwenda Kliniki

Yako mambo ambayo mume na mke huishi nayo miaka mingi bila kuyataja, na moja lao ni kubadilika kwa uso. Mtu aliyekuoa ukiwa na miaka 24 anakutazama leo ukiwa na 47. Nawe umejitazama kwenye kioo asubuhi ukaona mashavu yameanza kushuka kidogo, mstari wa taya hauko sawasawa kama zamani, na chini ya kidevu pana kijinyama kilicholegea. Hakuna kidonda, hakuna maumivu. Hata hivyo jambo hili dogo limewahi kuingia katika nyumba nyingi likaleta siri, deni na machozi, hasa siku hizi ambapo miji yetu mikubwa imejaa kliniki na saluni zinazotangaza kwamba zinaweza kuinua ngozi ya uso bila kisu.

Tuseme mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, amepokea zamu yake ya chama. Fedha hizo walikuwa wamepatana zitamalizia karo ya kijana wao wa kidato cha tatu. Wiki mbili kabla, katika harusi ya jamaa, mumewe alitazama picha yao ya zamani akacheka, akasema mbele ya watu, "Kumbe mama watoto alikuwa msichana!" Wote walicheka, naye mama akacheka pamoja nao. Lakini maneno yale aliyabeba hadi nyumbani, akayalalia na kuyaamkia, na fedha za chama zilipofika mkononi alijua tayari kliniki atakayokwenda. Mume hakukusudia ubaya, na mke hakukusudia wizi. Lakini karo haipo, na sasa wanandoa hawa wana mashitaka mawili badala ya moja.

Msidhani hili ni la akina mama peke yao. Wako wanaume wanaotafuta kazi wakiwa na miaka 50 na kitu, wanaoona kwamba kijana mwenye uso mbichi anapendelewa, nao hujiuliza maswali yale yale, ila wao huona haya zaidi kuyasema.

Katika somo hili tutaeleza matibabu haya ni nini, yanaweza kufanya nini na hayawezi kufanya nini, na hatari zake ziko wapi. Mume na mke wasomeni pamoja ikiwezekana, maana sehemu fulani zinamhusu anayetaka matibabu na nyingine zinamhusu anayelala kando yake.

Ngozi hulegea kwa nini?

Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna tabaka nene lililofumwa kwa nyuzinyuzi. Nyingi ni za protini iitwayo kolajeni, ambayo huipa ngozi uimara. Nyingine ni elastini, inayoifanya ngozi irudi mahali pake ikivutwa. Fikirieni kitanda cha kamba. Kamba zikiwa mpya, ukilala kinakubeba vizuri. Zikichakaa, katikati hubonyea, na hata ukitandika shuka jipya bado kinabonyea.

Tangu mtu anapokuwa mzima, kolajeni ya ngozi hupungua pole pole, kwa kadiri ya asilimia 1 kila mwaka. Kwa mwanamke upungufu huo huongezeka sana hedhi inapokoma. Wachunguzi waliopima ngozi za akina mama wamekadiria kwamba katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Ndiyo maana mama wengi husema, "Uso wangu ulibadilika ghafla." Hawasemi uongo. Na waume wakumbuke kwamba huo ndio wakati ule ule ambapo mke anapatwa na joto la ghafla, usingizi unakatika usiku, na moyo unakuwa mwepesi kuumia. Mzaha kuhusu mashavu yake hauwezi kuchagua wakati mbaya kuliko huo.

Lakini si ngozi peke yake. Mifupa ya uso nayo hupungua kwa miaka, na mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mashavu hupungua na kushuka. Kwa hiyo mashine inayokaza ngozi tu inashughulikia sehemu moja ya jambo lenye sehemu tatu.

Jua huharakisha mambo haya, na sigara pia. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili dhidi ya jua kwa sababu ya rangi yake, na kwa kawaida makunyanzi huchelewa kwetu kuliko kwa wazungu. Kwetu sisi dalili za umri huonekana mapema zaidi katikati ya uso: chini ya macho, mashavuni, na mikunjo itokayo puani kwenda mdomoni. Kukonda haraka pia huacha ngozi ikining'inia, iwe ni kwa ugonjwa, kwa njaa ya kujitakia, au kwa sindano hizi mpya za kupunguza uzito. Na hapa kwetu uso uliokonda ghafla una taabu nyingine, maana majirani huanza kunong'ona kwamba fulani ameugua. Mama aliyelipa fedha ili apungue hujikuta akilipa tena ili mashavu yarudi.

Mashine hufanya nini?

Matibabu mengi yasiyo ya kisu hutegemea joto. Kolajeni ikipashwa joto la kutosha hujikunja, kama kipande cha ngozi ya mbuzi kinavyojikunja karibu na moto, kisha mwili huona hapo pamejeruhiwa na kuanza kutengeneza kolajeni mpya. Ujanja wote uko katika kulifikisha joto ndani bila kuunguza juu.

Njia ya kwanza hutumia mawimbi ya redio. Mashine iitwayo Thermage ilikubaliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) mwaka 2002 kwa makunyanzi ya karibu na macho. Njia ya pili hutumia mawimbi ya sauti, jamaa wa yale yanayotumiwa kumwangalia mtoto tumboni, ila haya hukusanywa mahali pamoja kama miale ya jua inavyokusanywa na kioo cha kukuza. Mashine ya Ultherapy ilikubaliwa mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, na mwaka 2012 kwa ngozi ya shingo na chini ya kidevu. Huchoma vijidoa vidogo vidogo ndani ya nyama, kwa joto la nyuzi 60 hadi 70, katika kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5, huku ngozi ya juu ikibaki salama. Inauma, na wengi hupewa dawa ya maumivu kabla.

Basi, inainua kiasi gani? Hapa ndipo matangazo hunyamaza. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 35 walipimwa siku 90 baada ya kutibiwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Waganga wasiojua picha ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada waliona mabadiliko kwa watu 30 kati ya hao. Nyusi zilikuwa zimeinuka kwa wastani wa milimita 1.7. Huo ni karibu unene wa sarafu. Sisemi si kitu, maana kwenye uso sarafu moja huonekana. Lakini aliyeuziwa matumaini ya kurudi kuwa bibi harusi amedanganywa.

Tena matokeo hayaji siku hiyo. Kolajeni mpya hutengenezwa polepole, hivyo mtu hungoja miezi 2 au 3, wakati mwingine 6. Na kwa kuwa umri hausimami, baada ya mwaka mmoja au miwili wengi huambiwa warudie. Kwa hiyo wanandoa wasiulize bei ya siku moja. Waulize bei ya miaka 5.

Anayefaidika zaidi ni yule ambaye ngozi yake imelegea kidogo tu. Mwenye ngozi nyingi inayoning'inia shingoni hatasaidiwa na mashine hizi, na daktari mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea fedha. Mwenye uso mwembamba naye awe mwangalifu, kwa sababu joto likipita kiasi huyeyusha mafuta machache aliyo nayo, na uso hubaki na mashimo. Wako pia walioungua, na wengine mishipa ya fahamu iliguswa hata pembe ya mdomo ikalegea kwa majuma kadhaa. Mwenye mashine ya moyo iliyopandikizwa kifuani asikaribie kabisa mawimbi ya redio.

Iko mashine nyingine inayounganisha mawimbi hayo ya redio na vijisindano vinavyotoboa ngozi. Hii imeenea upesi sana. Mwezi wa Oktoba 2025 FDA ilitoa onyo kwamba imepokea habari za watu walioungua, waliopata makovu, waliopoteza mafuta ya uso na walioharibiwa mishipa ya fahamu, wengine hata kuhitaji upasuaji wa kurekebisha. Mtu alikimbia kisu, akafikishwa kwenye kisu.

Ngozi nyeusi na leza

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa hasara nyingi za watu wetu hutokea hapa. Leza ni mwanga. Mwanga hunywewa na rangi nyeusi, kama shati jeusi linavyopata joto juani kuliko jeupe. Aina nyingi za leza zilitengenezwa kwa ngozi za wazungu. Zikielekezwa kwenye ngozi yetu bila ujuzi, rangi ya ngozi hunywa joto lililokusudiwa kwenda ndani, na uso hubaki na madoa meusi au meupe ambayo huchukua miezi, pengine miaka, kuondoka.

Madaktari hupanga ngozi kwa namba kutoka 1 hadi 6, orodha iliyoanzishwa na Dakta Thomas Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1975. Mwanzoni orodha yake ilihusu ngozi nyeupe tu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, namba 5 na 6, na wengi wetu tuko hapo. Mawimbi ya sauti na ya redio hayajali rangi, na hiyo ndiyo sababu kwa kawaida yanatufaa zaidi kuliko leza nyingi. Ukiamua juu ya leza, uliza ni ya aina gani, na iwapo anayeitumia amewahi kutibu ngozi ya namba yako. Akikuonyesha picha za kazi yake na zote ni za wazungu, umeshapata jibu. Vivyo hivyo mwenye tabia ya kuota makovu manene yanayovimba, ambayo ni mengi miongoni mwetu, amwambie daktari kabla ya sindano yoyote.

Sindano

Watu huchanganya mambo. Botox haiinui ngozi iliyolegea. Ni sumu iliyopunguzwa sana ambayo hulegeza misuli, na kwa hiyo mikunjo ya kipaji cha uso hupungua kwa miezi 3 au 4. Yapendeza kwa wasomaji wa ukurasa huu kujua kwamba iliingia katika urembo kwa njia ya mume na mke. Katika mji wa Vancouver, Kanada, Dakta Jean Carruthers alikuwa daktari wa macho akiitumia kutibu kope zinazojifumba bila kukusudia, na aliona mikunjo ya mgonjwa wake imetoweka. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi. Walizungumza mambo hayo nyumbani, wakaanza kujaribu mwaka 1987, wakachapisha matokeo mwaka 1992. FDA iliikubali kwa urembo mwaka 2002. Kumbe mazungumzo ya jioni kati ya mume na mke yanaweza kuzaa kitu kikubwa hivyo! Lakini ikidungwa mahali pasipostahili, kope huanguka kwa majuma. Mwaka 2024 huko Marekani watu kadhaa walilazwa hospitalini baada ya kudungwa Botox bandia au kudungwa na wasiostahili.

Ziko pia sindano za kujaza, zinazorudisha unene wa shavu kwa miezi kadhaa, na nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi na kuyeyuka baadaye. Sindano ya kujaza ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi ya sehemu hiyo, na kwa nadra kupofusha jicho. Nyuzi huweza kuvuta uso upande. Sitaongeza mengi hapo, ila kwamba mambo haya si ya saluni, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiyaguse.

Jambo ambalo lazima mume na mke walijue

Mwaka 2018, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja aligunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Hakuwa amewahi kujidunga dawa za kulevya, hakuwa ameongezewa damu, wala hakuwa na mwenzi anayejulikana kuwa na virusi. Jambo moja tu lilijitokeza katika maelezo yake. Alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya urembo kufanyiwa usoni kile kinachoitwa huko "vampire facial": mtu hutolewa damu yake, huzungushwa katika mashine, kisha hurudishwa usoni kwa vijisindano vingi ili ngozi ikaze.

Wakaguzi walipofika walikuta mirija ya damu isiyo na jina la mwenyewe. Mingine ilikuwa juu ya meza ya jikoni, mingine ndani ya jokofu pamoja na chakula. Vifaa vya kutumiwa mara moja vilikuwa vikitumiwa tena. Nyumba ile haikuwa na leseni, na mwenyewe alihukumiwa kifungo mwaka 2022. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) kilichapisha habari kamili Aprili 2024, na kwa ushahidi wake angalau wanawake 3 waliambukizwa kwa njia hiyo. Wateja wengi waliitwa wapimwe upya, miaka kadhaa baadaye.

Wanandoa, tafakarini jambo hili si kama habari ya mbali. Mke amekwenda kwa siri kwa sababu anaona haya kumwambia mumewe. Baada ya mwaka, labda kliniki ya wajawazito au mpango wa kutoa damu, anaambiwa ana virusi. Atamwambia nini mumewe? Na mume, ambaye hakujua lolote kuhusu sindano, atafikiri nini kwanza? Sote tunajua atakalofikiri. Mke anaweza kuwa mwaminifu kama siku ya arusi na asiwe na ushahidi wowote, kwa kuwa alificha jambo moja lisilo dhambi. Na yeye asipopimwa mapema, ugonjwa unaweza kumfikia mumewe. Kama yupo msomaji aliyekwisha kudungwa usoni mahali asipopaamini, aende akapimwe VVU na homa ya ini ya aina B na C, na amweleze mwenzi wake sababu. Ni afadhali mazungumzo magumu leo.

Krimu za sokoni

Wengine, wakiona bei ya mashine, hugeukia krimu zinazoahidi kukaza na kung'arisha uso kwa pamoja. Neno hilo "kung'arisha" ndilo la kuogopa. Krimu nyingi za namna hiyo zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo, na hugusa mtoto aliye tumboni na hata watoto wanaokumbatiwa na mama. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa kabisa ifikapo 2025. Lakini mikataba haisimami kwenye kila kibanda cha soko. Nyingine zina dawa kali za steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Yaani mtu hununua kulegea zaidi akidhani ananunua kukaza.

Dawa ya kupaka iliyo na ushahidi mzuri ni ya jamii ya vitamini A, iitwayo tretinoini. Inaandikwa na daktari, hufanya kazi kwa miezi mingi, huchubua kidogo mwanzoni, wala haipakwi wakati wa mimba. Mke anayepanga kupata mtoto aiache.

Je, ni vibaya kwa Mkristo?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Papa Pio wa Kumi na Mbili alilijibu alipozungumza na madaktari wa Italia wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 tu kabla ya kufariki kwake. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema la juu kuliko yote, na kwamba kurekebisha sura si vibaya kwa kwenyewe. Hupimwa kwa nia, kwa sababu na kwa hatari. Akataja mifano ya nia mbaya: kutaka kuwavuta wengine dhambini, kumficha mhalifu asitambulikane, au kufuata majivuno na mitindo tu. Kwa hiyo mke au mume asihukumiwe haraka. Mimi naona swali lenye uzito zaidi nyumbani mwetu si kama uso unaruhusiwa kuguswa, bali ni nani atakosa nini ili uso huo uguswe.

Mzungumze namna gani?

Aliye na wazo la matibabu aanze yeye, na aseme jambo lenyewe badala ya kuzunguka. "Nimeona taya langu linashuka na linanisumbua," ni sentensi iliyo wazi. Mwenzi naye asikimbilie kusema, "Wewe ni mrembo vile vile," kisha arudi kwenye gazeti. Maneno hayo ni mema lakini mara nyingi hufunga mlango. Amwulize kwanza, "Ulianza kuhisi hivyo lini?" Katika ule mfano wetu wa mwalimu, jibu lingekuwa, "Siku ya ile harusi," na pengine kuomba msamaha kungegharimu kidogo kuliko mashine.

Wako waume wanaofanya kinyume. Wao ndio wanaowasukuma wake zao kwenda, kwa kuwalinganisha na wasichana wa ofisini. Huyo hahitaji kliniki ya ngozi. Mke hana deni la kumrudishia mumewe uso wa miaka 20 iliyopita, kama vile mume hana deni la kurudisha nywele.

Fedha zisemwe kwa shilingi. Matibabu ya mashine hugharimu makumi ya maelfu, na bima za afya kwa kawaida hazilipii urembo. Kama kuna akiba ya ziada baada ya karo, kodi na wazazi, na wote wawili wamekubali, hiyo ni yao. Mkopo wa jambo hili mimi siushauri hata kidogo, kwa sababu deni hubaki mashavu yakiwa yamekwisha shuka tena.

Mkikubaliana, nendeni wote wawili. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Leseni hutolewa kila mwaka, kwa hiyo msitosheke na cheti cha zamani kilichoning'inizwa ukutani, na jina lake mnaweza kulitafuta katika orodha ya Baraza. Ulizeni jina la mashine na mahali ilipokubaliwa. Sindano ifunguliwe mbele yenu. Mgonjwa ataje dawa anazomeza, hasa za kuzuia damu kuganda, na kama ana kisukari. Mkiona haraka ya kulipishwa siku hiyo hiyo kwa sababu "bei itapanda kesho," simameni mwondoke.

Na kabla ya hayo yote, yako ya bei nafuu. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatwa kwa miaka 4 na nusu tangu 1992. Waliopaka mafuta ya kukinga jua kila siku ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 chini ya wengine. Hao walikuwa wengi wao wazungu, na ngozi yetu ina kinga zaidi, lakini kofia pana shambani haidhuru mtu. Huko Chicago, mwaka 2018, wachunguzi walichapisha habari za wanawake wa miaka 40 hadi 65 waliofanya mazoezi ya misuli ya uso nusu saa kila siku kwa majuma 8, kisha siku moja baada ya nyingine hadi juma la 20. Walianza 27, wakamaliza 16 tu, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Waganga waliotazama picha zao walikadiria umri wao kuwa miaka 50.8 mwanzoni na 48.1 mwishoni. Ushahidi ni mdogo, lakini mazoezi hayalipiwi. Yajaribuni pamoja usiku watoto wakilala, kuvimbisha mashavu na kutabasamu kwa nguvu mkitazamana. Angalau mtacheka.

Ya kuzungumzia nyumbani

Kila mmoja ajibu kwanza peke yake, kisha mlinganishe. Ni neno gani kuhusu sura yangu ambalo mwenzangu alilisema na bado nalikumbuka? Je, liko jambo lolote nililolipia kwa ajili ya mwili wangu ambalo hajui? Na kama tungekuwa leo na shilingi 50,000 ambazo hazina kazi, kila mmoja wetu angezitumia wapi?